Ukurasa Uliofunguliwa Si Kazi Iliyofanyika

Hotuba kwa wasimamizi wa tovuti za ndani

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa tovuti za ndani, maofisa mawasiliano, wenzangu wa TEHAMA, na ninyi mliobebeshwa kazi hii juu ya kazi zenu nyingine,

Nimeombwa nizungumzie takwimu za matumizi ya intraneti, yaani tovuti ya wafanyakazi wa shirika peke yao: zinatoka wapi, zinatuambia nini, na tuzitumieje ili tovuti ya ndani iwafae wanaoitumia. Sitaanza na grafu. Nitaanza na mstari mmoja wa kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa za tovuti, kwa sababu ripoti zinazofika mezani petu zimejumlishwa mno, hata yule mtu aliyekaa mbele ya kompyuta haonekani tena.

Kila seva ya wavuti inapoombwa kitu, huandika mstari. Huu nimeutunga kwa ajili ya leo, ila umbo lake ndilo hasa mtakalolikuta kwenye faili zenu:

10.4.17.22 - - [14/Mar/2024:08:52:07 +0300] "GET / HTTP/1.1" 200 18432

Mwanzoni ni anwani ya kompyuta iliyoomba. Vistari viwili vinashika nafasi ya utambulisho wa mtumiaji, ambao hapa haukuandikwa. Kisha tarehe na saa mpaka sekunde, kitu kilichoombwa, msimbo wa jibu, na mwisho ukubwa wa jibu kwa baiti. Mpangilio huu ulitoka kwenye seva ya NCSA, kituo cha kompyuta cha Marekani, miaka ya 1990, na mpaka leo programu za seva kama Apache bado zinauandika. Ni mstari mkavu. Lakini ukisoma mistari ya mtu mmoja kwa mfuatano, unaanza kumwona.

Tumfuate huyu wetu. Saa 2:52 asubuhi anafungua ukurasa wa mwanzo. Sekunde chache baadaye anaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia: likizo. Tokeo la kwanza ni waraka wa sera ya likizo, faili la PDF; analifungua. Panapita kimya cha dakika nzima na ushee. Labda anasoma, labda anashusha ukurasa baada ya ukurasa akitafuta fomu mwishoni. Anarudi kwenye kisanduku, safari hii anaandika: fomu ya likizo. Anabofya tokeo, seva inajibu 404, kitu hicho hakipo. Anafungua orodha ya simu za ofisi, halafu ukurasa wa Idara ya Rasilimali Watu. Saa 2:55 mistari yake inakatika.

Kilichofuata hakimo kwenye faili, lakini kila mmoja wetu hapa anakijua. Alinyanyua simu.

Sasa angalieni ripoti ya mwezi itakavyomhesabu mtu huyu. Ziara moja. Kurasa zaidi ya tano. Muda wa kukaa, dakika 3. Utafutaji mara mbili. Atawekwa kwenye safu ya watumiaji wanaoshiriki vizuri, na kila alipokwama patahesabiwa kuwa mafanikio yetu. Mwenzake aliyefungua ukurasa, akabofya kiungo cha fomu, akaipakua na kuondoka ndani ya sekunde 20, ataonekana ni mgeni wa kupita.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote nitakayoyagusa ni matawi yake: kwenye tovuti ya ndani, ukurasa uliofunguliwa si kazi iliyofanyika. Mfanyakazi hakuja kwenye intraneti kutalii. Amekuja kuchukua kitu ili arudi kwa mgonjwa, kwa mteja, kwa mwanafunzi, kwenye mashine aliyoiacha inanguruma. Kila dakika anayozunguka mbuyu ndani ya tovuti yetu imetoka kwao.

Vipimo vingi tunavyotumia havikutengenezwa kwa ajili yake. Programu tunazozijua sana zilikua kwenye ulimwengu wa matangazo na mauzo. Google Analytics, kwa mfano, ilizinduliwa mwaka 2005 baada ya Google kuinunua kampuni ya Urchin, na swali lake la msingi lilikuwa la mfanyabiashara: tangazo lipi limeleta wateja, wamekaa muda gani, wamenunua nini. Kwa muuza bidhaa, mtu akikaa muda mrefu kuna matumaini. Kwetu sisi mtu akikaa muda mrefu kwenye ukurasa wa fomu, inabidi tupate wasiwasi. Namba ni ile ile, maana imegeuka.

Na tusisahau wavuti yenyewe ilizaliwa kwa shida ya ndani ya taasisi. Machi 1989, Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alipoandika pendekezo lake pale CERN, kituo cha utafiti kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alilalamikia jambo ambalo kila ofisi inalo: watu wanakuja, wanakaa kama miaka miwili, wanaondoka, na wanachokijua kinaondoka nao. Wavuti ilipoanza kufanya kazi, kitu kilichowavuta wafanyakazi wengi wa CERN kuitumia kilikuwa kitabu cha simu cha taasisi. Watu walitaka namba ya mtu, basi. Fungueni takwimu zenu leo. Kama hakuna hitilafu, orodha ya simu itakuwa karibu na kileleni. Ukurasa unaotumika kuliko yote mara nyingi ndio usiokuwa na kamati, usiokuwa na bajeti, na ambao hakuna mkuu wa idara anayeutaja kwenye kikao. Mimi nauheshimu kuliko ukurasa wa mwanzo wenye picha zinazozunguka.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kutumia namba hizi inabidi tuzisafishe, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu maamuzi mengi mabaya yanaanzia hapa.

Kwenye mashirika mengi, kivinjari cha kila kompyuta kimepangwa kufungua intraneti chenyewe kinapowashwa. Mtu akiwasha mashine asubuhi, ukurasa wa mwanzo umehesabiwa, hata kama macho yake yako kwenye barua pepe. Kwa hiyo ukisikia kwamba ukurasa wa mwanzo unatazamwa na wafanyakazi wote kila siku, umepata idadi ya kompyuta zilizowashwa. Namba ya maana ni ile ya waliobofya kitu baada ya ukurasa huo kufunguka. Anzieni hapo.

Kuna programu za ulinzi zinazogonga ukurasa fulani kila dakika kuhakikisha seva iko hai. Kila dakika kwa saa 24 ni mara 1,440. Kwa siku 30 ni mara 43,200. Kwenye shirika dogo, hiyo peke yake inaweza kuwazidi binadamu wote kwa pamoja. Kuna roboti ya injini yetu wenyewe ya utafutaji, inayopita usiku kusoma kila ukurasa. Na kuna sisi: wahariri wanaofungua ukurasa mara nyingi kuangalia kama picha imekaa sawa, mafundi wanaojaribu mabadiliko. Ondoeni hivi vyote kabla hamjatoa namba hata moja nje ya ofisi yenu.

Upande wa pili kuna upungufu. Kivinjari kinahifadhi nakala ya ukurasa, mtu akirudi nyuma seva haiambiwi chochote. Tawi linalotumia proksi, yaani kompyuta ya kati inayopitisha maombi ya wote, linaweza kuleta watu wote wa jengo kwa anwani moja, nanyi mkadhani kule kuna mtumiaji mmoja asiyelala. Muda wa kusoma ukurasa nao si muda wa kusoma hasa: kwenye kumbukumbu za seva ni tofauti kati ya ombi moja na linalofuata, kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa ziara hauna muda wowote. Ukurasa wa mwisho ndio, mara nyingi, ule ambao mtu alipata alichokuja kukitafuta.

Hata neno ziara ni makubaliano tu. Mwaka 1995 Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, walichunguza namna watu wanavyotembea kwenye wavuti, wakapata kwamba kimya cha dakika 25.5 kinafaa kuwa mpaka kati ya ziara moja na nyingine. Baadaye programu nyingi zikatumia dakika 30. Mfanyakazi aliyeacha ukurasa wazi, akaenda kikaoni kwa saa nzima, akarudi akaendelea pale pale, anahesabiwa ziara mbili. Si kosa la mtu. Ila anayesimama mbele ya wakurugenzi na kusema ziara zimeongezeka anatakiwa ajue anachokisimamia.

Stephen Turner wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyetengeneza Analog, programu ya kuchambua kumbukumbu za seva iliyosambaa sana miaka ya 1990, aliwaeleza watumiaji wake waziwazi kwamba kumbukumbu za seva haziwezi kukwambia kwa uhakika umepata wageni wangapi. Alikuwa anazungumzia wavuti ya dunia nzima. Sisi wa tovuti za ndani tumebahatika kuwa na jambo ambalo yeye hakuwa nalo: tunajua idadi ya watu tunaowahudumia. Tuna orodha ya wafanyakazi. Tunajua idara ina watu wangapi, tawi lina watu wangapi. Mwenye tovuti ya habari hawezi kujua nani hakuja. Sisi tunaweza.

Na kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa tusiyoitumia. Badala ya kupanga idara kwa wingi wa ziara, pangeni kwa uchache, kisha ulizeni kwa nini. Mtakuta madereva, walinzi, watu wa zamu ya usiku, wafanyakazi wa bohari, wale ambao kompyuta ni moja kwa watu wengi na ina foleni. Hao hawamo kwenye grafu yoyote, wala hawajibu dodoso la mtandaoni, kwa sababu dodoso lenyewe liko kwenye tovuti wasiyoifikia. Ukiboresha intraneti kwa kufuata takwimu za wanaoitumia peke yao, unawarahisishia zaidi waliokwisha kurahisishiwa.

Sasa nije kwenye hazina yenyewe, na hapa nitachukua muda.

Kama mna nafasi ya kusoma kitu kimoja tu kila mwezi, someni maneno ambayo watu wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Kila takwimu nyingine inaonyesha nyayo, na nia ya mtu inabidi uikisie. Hapa mtu ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, anachokitaka. Hakuna mkutano wa kukusanya maoni utakaokupa ukweli wa namna hii, kwa sababu kwenye kisanduku hajitayarishi kumpendeza yeyote. Yuko peke yake na shida yake.

Jambo la kwanza mtakaloliona ni kwamba hawaongei lugha ya nyaraka zetu. Anaandika masurufu, na sisi ukurasa tumeuita Utaratibu wa Maombi ya Fedha za Awali za Shughuli. Anaandika slipu ya mshahara, na sisi tumeandika Taarifa ya Malipo ya Mtumishi. Anaandika fom ya likzo kwa haraka, herufi zimeanguka, na mashine inamjibu kwamba hakuna matokeo, kana kwamba shirika halijawahi kutoa likizo. Ukurasa upo, umeandikwa vizuri, umeidhinishwa na mwanasheria. Lakini kwa huyu aliyeutafuta haupo.

Dawa yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Hatuhitaji mfumo mpya. Tunabadilisha kichwa cha ukurasa kiwe na neno wanalolitumia watu, na jina rasmi linakaa kwenye mstari wa pili. Tunaiongezea injini ya utafutaji orodha ya visawe na makosa ya kawaida ya kuandika. Kwa maneno yanayoulizwa sana, tunachagua wenyewe tokeo la kwanza liwe lipi. Kazi ya mchana mmoja inaweza kuwaondolea watu usumbufu wa mwaka mzima.

Tuanzie wapi, maana maneno ni maelfu? Mwanaisimu wa Marekani George Zipf alionyesha, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, kwamba katika matini maneno machache hutokea mara nyingi mno na mengi hutokea mara chache. Maswali ya kutafuta yana tabia hiyo hiyo. Orodha itaanza na mlima na kumalizikia kwenye mkia mrefu wa mambo yaliyoulizwa mara moja moja. Kwa hiyo chukueni mwezi mmoja, pangeni kwa wingi, someni 100 ya juu. Kila neno liandikeni wenyewe kwenye kisanduku, kama mtumishi wa kawaida, si kama msimamizi mwenye ruhusa zote, kisha angalieni: kitu sahihi kimekuja cha kwanza? Kimekuja cha saba? Kimekuja cha mwaka juzi? Andikeni jibu pembeni. Mkimaliza mia hizo mtakuwa mnaijua tovuti yenu kuliko mlivyowahi kuijua.

Baada ya hapo kuna orodha mbili ndogo ambazo mimi nazipenda zaidi. Ya kwanza ni ya utafutaji usioleta tokeo lolote. Ya pili ni ya mtu yule yule aliyetafuta, akabadilisha maneno, akatafuta tena ndani ya dakika chache. Hiyo ya pili ni sauti ya mtu anayehangaika. Soma namna alivyobadilisha: alianza na posho, akaja posho ya safari, akaja kiwango cha posho ya safari, akaacha. Amekueleza, hatua kwa hatua, kitu gani hakukiona. Bahati ni kwamba wengi wanafuata njia ile ile, kwa hiyo ukiziba pengo moja umewasaidia wengi.

Angalieni pia utafutaji ulianzia ukurasa gani. Mtu akitafuta fomu ya likizo akiwa tayari kwenye ukurasa wa Rasilimali Watu, tatizo haliko kwenye injini. Amefika mahali sahihi na kiungo hakionekani. Na msishangae kukuta sehemu kubwa ya utafutaji ni majina ya watu. Wanatafuta wenzao. Injini inayowarudishia taarifa za vikao ambamo jina hilo limetajwa, badala ya simu na chumba cha mhusika, haijawaelewa.

Nipite haraka kwenye misimbo ya makosa. 404 yenye rekodi kwamba mtu alitoka kwenye ukurasa wetu wenyewe ni kiungo chetu kilichokatika. Kirekebisheni siku hiyo hiyo, hakuna haja ya kikao. 403, yaani ombi lililokataliwa kwa kukosa ruhusa, inahitaji jicho zaidi. Mara nyingi ni mtu aliyehamishwa idara na ruhusa zake hazikumfuata, na pengine anaona haya kuuliza. Na kama faili zenu ni kubwa na matawi yana mtandao hafifu, wekeni kumbukumbu ya baiti zilizotoka kweli. Apache kwa kawaida huandika ukubwa wa jibu lenyewe. Ukiwasha mod_logio, nyongeza ya Apache inayoandika baiti zilizotumwa hasa, ndipo unaona waliokata tamaa katikati ya kupakua.

Kuhusu kufuta kurasa, nawaomba uangalifu. Msimamizi mpya akishika tovuti iliyojaa, jambo la kwanza linalomjia ni kupanga kurasa kwa idadi ya watazamaji na kufagia za chini. Zipo zinazostahili kufagiwa: matangazo ya semina zilizopita, picha za hafla za zamani, rasimu iliyobaki baada ya waraka kupitishwa. Lakini ukurasa wa nini cha kufanya moto ukitokea unatazamwa mara chache, na tunaomba ibaki hivyo. Utaratibu wa kuripoti unyanyasaji unaweza kufunguliwa na watu watatu kwa mwaka, na kwa hao watatu ukawa ukurasa muhimu kuliko yote tuliyowahi kuandika. Fomu za tathmini ya mwaka zitalala miezi 11 na kuamka mmoja. Ndiyo maana nashauri kipimo cha kufuta kisipungue miezi 13, ili mzunguko wa mwaka ukamilike na uone kama kuna aliyerudi. Na ukihamisha ukurasa, acha maelekezo ya kudumu kwenye anwani ya zamani. Watu wamehifadhi viungo kwenye vivinjari vyao, kwenye barua pepe, hata kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani.

Ndugu zangu, namba hizi zote zitakwambia mahali mtu alipokwama. Sababu haimo ndani yake. Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukishaona kwamba watu wengi wanaacha fomu ya marejesho ya safari katikati, funga grafu, nenda kwa wawili au watatu, ukae pembeni yao wakiwa wanaijaza. Usiwaelekeze. Utaona fomu inadai namba ya kifungu ambayo mhasibu peke yake anaijua. Utaona wanaiandika kwanza kwenye karatasi kwa sababu ukurasa unajifunga wenyewe na kupoteza walichojaza. Utaona wamebandika kando ya skrini jina la mtu wa kumpigia. Takwimu imekupa anwani ya tatizo; kubisha hodi ni kazi yako.

Nije kwenye jambo ambalo naomba tulichukulie kwa uzito kuliko yote.

Faili tunazozisoma zina watu ndani yake. Kwenye tovuti ya ndani, tofauti na wavuti ya nje, mara nyingi tunaweza kujua ni nani hasa, kwa sababu ameingia kwa jina lake. Fikirini maneno ambayo mtumishi anaweza kuyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Likizo ya uzazi, kabla hajamwambia yeyote. Utaratibu wa kujiuzulu. Mkopo wa dharura. Ushauri nasaha. Kulalamika dhidi ya msimamizi. Aliandika akiamini anaiuliza mashine. Siku atakapojua kwamba kuna mtu anasoma na jina lake likiwa pembeni, hataandika tena, wala wenzake hawataandika, na tutakuwa tumeua chanzo kile kile kinachotusaidia kuwahudumia.

Mwaka 2017, tarehe 5 Septemba, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania, la mfanyakazi ambaye mwajiri alisoma mawasiliano yake ya kompyuta kazini. Mahakama ilisema mwajiri hawezi kuyafuta kabisa maisha binafsi ya mtu kazini, na ikaweka vigezo vya kuangaliwa, kimojawapo kikiwa kama mfanyakazi alitaarifiwa mapema juu ya ufuatiliaji na kiwango chake. Hata pale ambapo hukumu ile haina nguvu ya kisheria, mimi naona busara yake inafika.

Kwa hiyo tuwaambie watu, kwa lugha nyepesi na mahali panapoonekana, nini kinahesabiwa na kwa nini. Majina na anwani za kompyuta ziondolewe kabla faili halijafika kwa mchambuzi. Faili ghafi lisikae zaidi ya muda unaohitajika; jumla za mwezi zinatosha kulinganisha miaka. Idara yenye watu watatu isitolewe ripoti yake peke yake, kwa sababu kila mtu atajua ni nani. Na mkuu wa idara akija, kwa nia njema kabisa, akiomba kujua fulani anatumia intraneti kwa kiasi gani, jibu ni hapana, na jibu hilo liwe limeandikwa kwenye sera kabla hajaja ili msimamizi wa tovuti asisimame peke yake siku hiyo.

Kuna shinikizo jingine litakalotoka juu: kupewa lengo la namba. Ziara ziongezeke kwa kiasi fulani kabla ya mwisho wa mwaka. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu huvunjika pale unapogeuzwa kuwa chombo cha kudhibiti. Kwetu inatokea hivi: fomu iliyokuwa ukurasa mmoja inagawanywa kurasa tano, habari fupi inakatwa katikati ili mtu abofye, kivinjari kinalazimishwa kuanzia kwenye ukurasa wetu. Namba zinapanda. Mfanyakazi anachoka zaidi. Mkipewa lengo la ziara, ombeni kwa heshima libadilishwe liwe la kazi: kati ya waliotafuta fomu ya likizo, wangapi waliipakua ndani ya dakika mbili? Simu zinazoingia Rasilimali Watu kuuliza fomu iko wapi zimepungua? Hivyo vinapimika. Jibu la swali la kwanza limo kwenye kumbukumbu, na kwa la pili anayepokea simu anaweza kuweka alama kwenye daftari.

Mkibadilisha kitu, badilisheni kimoja, andikeni tarehe, kisha linganisheni na mwezi kama huo mwaka uliopita, maana Desemba haifanani na Machi. Bila daftari la mabadiliko, baada ya nusu mwaka hakuna atakayekumbuka kwa nini mstari ulipanda.

Na ripoti yenyewe, ndugu Mwenyekiti, mimi ningependa iwe ukurasa mmoja. Ianze na mambo matano ambayo watu walitafuta mwezi huu wakakosa, kwa maneno yao wenyewe. Ifuate na tulichokirekebisha mwezi uliopita na kilichotokea baada ya hapo, hata kama hakuna kilichobadilika. Imalizie na uamuzi mmoja tunaouhitaji kutoka kwa uongozi, kwa sababu mara nyingi ukurasa hauna mwenyewe, na msimamizi wa tovuti hana mamlaka ya kumteua. Idadi ya ziara iwekwe chini kabisa kwa atakayeiuliza.

Nitabaki hapa mbele baada ya kikao. Mwenye orodha ya maneno ya utafutaji ya mwezi uliopita, iliyokwisha kuondolewa majina, aje nayo tuisome pamoja, tuanze na yale yasiyoleta tokeo.

Asanteni sana.